Vidole Viwili Shingoni

Wateja wanaonichosha kuliko wote ni wale wanaokuja na picha kwenye simu. Anaingia dukani kwangu mwezi wa Novemba, mabega yamejaa theluji, anajikung'uta hapo hapo juu ya zulia langu, kisha ananionyesha mwanamke wa nchi fulani yenye jua, amekunja mguu hadi nyuma ya kichwa, amevaa kitaiti cha rangi ya waridi na sidiria nyembamba kama utepe wa zawadi. Anataka kama ile, ya kufanyia yoga nje. Nje wapi? Hapa Tromsø, kaskazini kabisa mwa dunia? Mwaka ule aliyekuja hivyo alikuwa Maren, binti wa watu, mjamzito wa miezi minne. Nilimshika kiwiko nikampeleka mwisho wa duka, kwenye nguo za sufu zisizo na sura, za kijivu na za kijivu zaidi.

"Lakini hizi ni za bibi zetu," akasema.

"Na bibi zako walikufa kwa baridi?"

"Hapana."

"Basi vua jaketi tupime."

Naitwa Torhild. Nimeuza nguo za mazoezi za wanawake miaka thelathini na moja, na karibu yote ninayoyajua nilifundishwa na dada yangu Ragna kabla sijajua kusoma. Sufu kwanza, iguse ngozi kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu. Sidiria nayo iwe ya sufu, tena isiyo na vishikizo vya chuma, maana chuma kikishapoa kinakuuma mgongoni. Taiti iwe na manyoya mepesi kwa ndani, na kiuno chake kipande juu, ili ukiinama upepo usikuingie. Halafu sweta, halafu jaketi jepesi. Pamba isiukaribie mwili hata kidogo. Pamba ikilowa jasho imelowa, haikauki, na kwenye yoga mtu hutoka jasho halafu hulala chini kimya. Hapo ndipo baridi inapompata.

Nilimuuzia Maren taiti pana ya kuachia tumbo likue, nikamwambia aje Jumapili kwenye kundi la dada yangu.

Ragna alikuwa mwalimu wa michezo, na alipostaafu hakuweza kukaa. Kila Jumapili saa nne asubuhi alikuwa akiwakusanya wanawake juu ya ziwa dogo lililo kileleni mwa kisiwa chetu, barafu ikishakuwa nene ya kutosha. Kila mmoja alikuja na ngozi ya kondoo ya kulalia, kwa sababu mikeka ya mpira hukakamaa kwenye baridi ikawa kama ubao. Walikuwa kumi na tisa pamoja nami, na wengine walikuwa wamedumu naye miaka ishirini.

Kabla ya kuanza alipita mstarini, akavua glavu ya mkono wa kulia, akamchomeka kila mmoja vidole viwili nyuma ya shingo, chini ya ukosi. Ndivyo mama zetu na walimu wa chekechea wanavyomjua mtoto aliyepoa. Usitazame mikono wala pua, gusa shingo. Vidole vya Ragna vilijua mambo mawili kwa mara moja, kama una joto na kama umevaa nini. Akikuta pamba, anakurudisha nyumbani. Aliwahi kumrudisha mke wa mchungaji, na mama wa watu alishuka mlima analia.

Jumapili ya mwisho ya Novemba, jua likiwa limeshatuaga hadi Januari, tulikwenda baada ya mazoezi kunywa kahawa kwa Eldbjørg, kama kawaida. Eldbjørg ni muuguzi mstaafu, ana mdomo mrefu na jiko dogo lenye joto la kuchemsha yai. Tulikuwa tunavua nguo moja baada ya nyingine kama vitunguu. Ragna alivua jaketi, akavua sweta, na joto lilivyozidi akavua na ile sufu. Chini yake alikuwa amevaa fulana ya pamba, ile ya buluu ya shule yake ya zamani, imelowa chapa na kumganda kifuani.

Halafu Eldbjørg akasema, "Haya jamani. Leo askari kakamatwa mwenyewe."

"Nilikuwa nawapima," Ragna akajibu pale pale. "Hakuna hata mmoja aliyenichomeka kidole mimi. Miaka ishirini nafundisha mizigo."

Watu wakacheka hadi kahawa ikamwagika. Nami nilicheka, ila nilikuwa namtazama midomo. Ilikuwa imegeuka buluu, na macho yake yalikuwa yakipita kwenye nyuso zetu moja moja, yanatafuta kama uongo ule umepita. Niliona wazi kwamba hakuwa akitupima. Badala ya kuogopa, nilikasirika. Mimi hasira huwa inafika kabla ya kila kitu.

"Dada, ile pamba," nikamwambia tukishuka kwenda nyumbani.

"Pamba gani?"

"Fulana uliyoivaa ndani. Umeweka sufu juu yake."

"Wee Vesla," akasema, "umeanza lini kunikagua?"

Vesla ni jina tunalompa mtoto wa kike mdogo wa nyumba. Nina miaka sitini na mbili na viungo vinalia nikipanda ngazi, lakini kwa Ragna mimi ni Vesla, na hakuna mwingine duniani aliyebaki wa kuniita hivyo. Mama yetu alikuwa akitoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kusafisha samaki kiwandani, kwa hiyo aliyenivalisha alikuwa Ragna. Alinisimamisha mbele ya jiko la kuni, yeye ana miaka kumi na saba, mimi minane, akasema, "Mikono juu," na sufu iliyokuwa imetundikwa juu ya jiko ikanishukia kichwani ikiwa ya moto. Nguo zote nilizouza maishani nimeziuza nikiitafuta ile moja.

Wiki ya pili ya Desemba alikuja dukani kuchagua taiti mpya. Alitaka kupendeza siku ya jua, alisema. Ni siku yetu kubwa, tarehe ishirini na moja Januari, jua linaporudi baada ya miezi miwili na kuchungulia juu ya milima kwa dakika chache. Shule hufungwa, watu hula maandazi yenye jamu ndani, na kundi la Ragna hufanya yoga kule kwenye barafu hadi lichomoze.

Alipitisha mkono kwenye nguo, akatoa taiti nyembamba ya kiangazi, yenye matundu madogo kwenye miguu.

"Hiyo ina matundu, dada."

"Yanapitisha hewa."

"Yatapitisha Ncha ya Kaskazini nzima."

"Una kelele kwa mtu anayeuza," akasema, akanyakua na sidiria ya mazoezi, akaingia nazo kwenye chumba cha kujaribia.

Nilihudumia wateja wawili, kisha nikakumbuka kwamba pazia lile halijatikisika kwa muda mrefu. Nikaita. Hakuitika. Nikafungua. Ragna alikuwa amesimama mbele ya kioo, sidiria ya mazoezi ameivaa juu ya sweta, mikono yote miwili ameiingiza kwenye miguu ya taiti, na kitako cha taiti kimekaa juu ya kichwa chake.

"Hii blauzi wameishona wajinga," akasema kutoka ndani. "Haina pa kutokea kichwa."

Nilicheka. Lazima niseme ukweli, nilicheka kwa sauti, kwa sababu ilichekesha. Naye akacheka mle ndani. Halafu nikasikia anavuta pumzi fupi fupi, na mikono yake ikaanza kupapatika. Nilimvua taratibu. Uso ulipotoka ulikuwa umelowa machozi na nywele zimesimama, na alikuwa akinitazama kama mtu aliyevunja chombo cha wenyewe.

"Usiwaambie," akasema.

Daktari alimpa karatasi achore saa. Ragna alichora duara safi kabisa, mwalimu wa kweli, kisha akazirundika namba zote upande mmoja kama watu kwenye mlango wa dharura. Daktari alisema ugonjwa ule wa kusahau ulikuwa umeanza zamani, na kwamba mara nyingi ni watu wenye akili ndio wanaoweza kuuficha. Nadhani alitaka kutufariji.

Tulirudi kwenye gari. Sikuwasha. Vioo vilikuwa vimefunikwa na theluji, tukawa kama tumekaa ndani ya yai.

"Niachie siku ya jua," Ragna akasema. "Baada ya hapo kundi nitampa mtu, nitakaa nyumbani, mtanifanya mtakavyo. Ila siku ya jua niongoze mimi."

"Na ukisahau?"

"Nikisahau niache nisahau. Usinikatize mbele yao. Nimewasimamisha wale wanawake miaka ishirini, Vesla. Sitaki siku yangu ya mwisho niambiwe kaa chini." Akavua glavu akanipa mkono, kama tulivyokuwa tukifanya utotoni tukila kiapo. "Sema."

"Sitakukatiza," nikasema, na mkono nikampa.

Januari ilipoanza, Eldbjørg alikuja dukani akajifanya anatafuta soksi. Alizishika soksi zile zile robo saa.

"Shoga, mimi nimefanya kazi wodini miaka arobaini," akasema mwishowe. "Usinichezee. Dada yako yuko vipi?"

"Amechoka."

"Juzi kaniuliza mume wangu hajambo. Mume wangu tumemzika naye. Alishika jeneza upande wa kushoto." Akaweka soksi chini. "Wanawake kumi na tisa wamelala kwenye barafu, anayewaamsha hajui ni mwezi gani."

"Anajua ni siku ya jua. Hilo analijua."

"Haya. Ila mimi nitalala jirani yako, na mguu wangu utakuwa jirani ya mguu wako. Tuelewane."

Nguo za Ragna za siku ya jua nilizichagua mimi mwenyewe, na sijawahi kumchagulia mteja yeyote kwa uangalifu ule. Nilichukua sufu mbili, nzito na nyepesi, nikaigeuza kila moja nje ndani nikapitisha kidole kwenye mishono ya makwapa, maana mshono mnene husugua mtu akinyoosha mikono. Taiti nilichukua ya rangi ya divai, yenye manyoya ndani, ya kiuno kirefu. Sidiria ya kuvaa kwa kichwa. Kisha nikashona vitambaa vidogo kwa ndani, ukosini na kiunoni, vyenye namba za kufuata akivaa. Moja, mbili, tatu, nne. Watoto wa chekechea hushonewa majina vile vile. Nilijiona mwerevu sana.

Asubuhi ya siku ya jua nilikuta ameving'oa vyote kwa mkasi. Alikuwa amekaa kitandani na nguo zote mapajani, na vitambaa vimepangwa mezani, vinne.

"Sikuhitaji hivi," akasema.

"Sawa."

"Sufu kwanza, hilo najua. Sufu kwanza." Alikuwa ameshika sweta. Alilitazama, akalitazama na jaketi, na mkono wake haukwenda popote. Nje mbingu ilikuwa imeanza kuwa ya pinki kwa upande wa kusini.

Nilichukua sufu, nikaiweka juu ya kipasha joto cha ukutani hadi ikawa ya moto, nikasimama mbele yake.

"Mikono juu," nikamwambia.

Nilidhani atanizaba kofi. Kisha akainua mikono, nami nikaishusha ile nguo juu ya kichwa chake, na kichwa kilipotokeza alikuwa amefumba macho kama mtoto mwenye usingizi. Vilivyobaki nilimvalisha kimoja kimoja hadi viatu.

Kule ziwani baridi ilikuwa digrii kumi na nne chini ya sifuri, hakuna upepo. Ragna alipokanyaga barafu mgongo ulimnyooka wenyewe. Alivua glavu, akapita mstarini na vidole vyake. Eldbjørg akaambiwa, "Una joto kama mkate." Maren, ambaye sasa tumbo lilikuwa limemtangulia, akaambiwa, "Wewe mna joto wawili." Aliponifikia mimi alikawiza vidole shingoni kidogo.

"Vesla naye kavaa vizuri," akasema. "Ameangaliwa."

Akaongoza. Sijui niseme nini, aliongoza kama zamani. Mwili wake ulikuwa haujaambiwa kwamba kichwa kinaumwa. Alisimama kwa mguu mmoja na ule mwingine ukapaa nyuma, taiti ya rangi ya divai juu ya theluji, na sauti yake ikatoka safi ikitupeleka mkono kwa mkono, pumzi kwa pumzi. Wale kumi na tisa tulikuwa tukimfuata na mvuke unatutoka mdomoni. Nilikuwa nikimshukuru Mungu kimoyomoyo, mimi ambaye kanisani sionekani.

"Laleni," akasema mwishoni. "Fumbeni macho. Asiamke mtu mpaka nimwambie."

Tukalala chali kwenye ngozi zetu. Sehemu hiyo huchukua dakika tano, si zaidi, kwa sababu ndipo jasho linapopoa. Na sheria ni hiyo, haamki mtu hadi Ragna aseme.

Dakika tano zikapita. Nilijua zimepita kwa sababu kengele za kanisa kule chini mjini, zinazolia kila robo saa, zililia. Nikafungua jicho moja. Ragna alikuwa amesimama ametupa kisogo, uso kusini, mikono imening'inia, anatazama milima mahali pale ambapo mwanga ulikuwa ukiongezeka. Alikuwa ametulia kabisa. Sikujua kama anangoja jua au ametusahau.

Nikafumba jicho tena. Nilikuwa nimempa mkono wangu, nimeapa.

Baridi ilianzia shingoni, kisha ikaja kwenye magoti. Kisigino cha Eldbjørg kikanigonga mguu mara moja. Sikusogea. Kikanigonga tena kwa nguvu. Hakuna mtu aliyeinuka. Nilisikia mtu fulani upande wa juu analia polepole kupitia puani, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba wote walikuwa wanajua. Labda tangu ile siku ya fulana. Wote walikuwa wamelala pale kwenye barafu wakipoa, wamefumba macho, ili Ragna asije akaaibika. Nimeishi na watu hawa maisha yangu yote, hatukumbatiani hovyo wala hatuambiani maneno matamu, na sikuwahi kujua kwamba tunapendana kiasi hicho.

Kengele zililia robo nyingine. Ndipo nikasikia meno ya Maren. Yalikuwa yakigongana tap tap tap, hawezi kuyazuia, na mkono wake ulikuwa juu ya tumbo. Nikalifikiria lile tumbo, na taiti pana niliyomuuzia kwa mikono yangu.

Nikainuka. "Amkeni," nikasema. "Imetosha. Amkeni wote."

Watu waliinuka kwa vishindo, wakipigapiga miguu, wakijisugua. Ragna aligeuka. Kwanza hakuelewa. Kisha akaona nani amesimama mbele, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo, hadi nikatamani barafu ipasuke nizame.

"Nilikuwa karibu kuwaamsha," akasema.

"Najua, dada."

"Nilikuwa nakuja. Ningewaamsha." Sauti yake haikupanda. "Ulinipa mkono wako."

Nyuma yake, wakati ule ule, jua likatokeza. Ukingo tu, mwekundu, juu ya mlima. Wanawake wote waliliona, kwa sababu walikuwa wamesimama wanatazama kusini, na uso wa kila mmoja ukageuka rangi ya dhahabu. Ragna hakuliona. Alikuwa amelipa kisogo ananitazama mimi, na hakuna aliyethubutu kumwambia ageuke. Lilikaa dakika nne. Lilipozama alivaa glavu yake, akakunja ngozi yake ya kondoo, akashuka peke yake. Nyayo zake zilinyooka hadi barabarani.

Alikaa siku tisa bila kusema nami. Niliacha chakula mlangoni, nikakikuta mlangoni. Siku ya kumi alinifungulia na kuniuliza kwa nini sikuja siku zote hizo. Hasira ilikuwa imemtoka, si kwa kunisamehe, ilikuwa imesahaulika tu pamoja na mengine. Ningeweza kumwomba radhi, lakini angeniuliza radhi ya nini, na ningelazimika kumrudishia ile siku yote ili anisamehe. Nilishindwa. Nikabaki na kosa langu peke yangu.

Februari alihamia kwenye nyumba ya wazee iliyo mtaa wa nyuma ya duka langu. Kundi alilichukua Eldbjørg. Mimi sikurudi ziwani.

Mwisho wa Machi, theluji bado iko magotini lakini mwanga umejaa mji hadi unaumiza macho, nilikuwa napanga taiti za majira mapya, kengele ya mlango ikalia. Alikuwa Ragna. Alikuwa amevaa koti la mtu mwingine. Nyuma yake, nje ya kioo, mhudumu wa nyumba ya wazee alisimama akaniashiria kwa mkono kwamba Ragna ameomba kuingia peke yake. Ragna akajikung'uta theluji nje ya zulia, kwa adabu.

"Habari za hapa," akasema. "Samahani kukusumbua. Natafuta sufu ya kuvaa ndani, ya mtoto wa kike. Ana miaka minane, ananifika hapa." Akaweka kiganja chini kidogo ya kifua.

"Za watoto sina, mama. Nauza za wanawake."

"Nipe ndogo kuliko zote. Atakua nayo."

Nilimpa ndogo kuliko zote. Aliigeuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye mishono ya makwapa, akaivuta kidogo na kuiachia aone kama inarudi. Akainusa. Mikono haikukosea hata hatua moja. Kisha akaikataa, akaomba nyingine, na ile nyingine kweli ilikuwa bora.

"Ni mdogo wangu," akasema. "Vesla. Huyo akipoa hasemi, ananyamaza tu, mpaka umguse. Ana kiburi." Akakunja ile nguo, akaikunjua, akaikunja tena. "Nilimkasirikia juu ya kitu. Sasa sikumbuki ni kitu gani. Nimekaa nakitafuta, sikipati. Nikasema nimpelekee hii, tupatane."

Ilibidi niangalie chini, nikajifanya natafuta karatasi ya kufungia.

"Atakuwa ameshasahau na yeye," nikasema.

"Hapana, yule hasahau. Ndiyo taabu yake."

Nilifunga nguo kwenye karatasi. Niliposogea kumpa kifurushi, aliniangalia kwa mara ya kwanza, akakunja uso, akavua glavu ya mkono wa kulia. Vidole vyake viwili viliingia chini ya ukosi wangu, nyuma ya shingo. Vilikuwa vya baridi. Alivikawiza pale.

"Wewe umepoa," akasema. "Duka zima la nguo, na umepoa. Huna mtu wa kukuvalisha?"

"Ninaye," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali, akavaa glavu yake na kukikumbatia kile kifurushi kifuani.

"Basi mwambie aanze na sufu," akasema, akatoka kwenda kunitafuta.